JAKOB BÖHME, FUNDI VIATU ALIYEKATAZWA KUANDIKA

Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yangu ya kawaida tu, mzee mmoja kanisani aliniambia mambo ya ndani ya Mungu niwaachie waliosomea. Nilinyamaza, ila iliniuma. Ndo maana nilipokutana na habari za huyu Jakob Böhme nilisoma mpaka muda wangu wa kafe ukaisha, nikaongeza nusu saa nyingine.

Böhme alizaliwa mwaka 1575 kijijini karibu na mji wa Görlitz, mashariki mwa Ujerumani, mtoto wa wakulima Walutheri. (Ndugu zangu Wamoravian wa Mbeya na Tabora, Herrnhut mnayoijua haiko mbali na hapo.) Mwili wake haukuwa wa jembe, basi wakampeleka kujifunza kushona viatu. Mwaka 1599 akawa fundi kamili mwenye kibanda chake, akamuoa Katharina, binti wa muuza nyama. Walipata watoto wa kiume wanne.

Mwaka uliofuata, 1600, ndo mambo yalianza. Jua lilipiga kwenye sahani ya bati, mng'ao ukamrudia machoni, na ghafla akajiona anatazama ndani ya vitu vyote. Alidhani ni mawazo tu, akatoka nje ya mji kwenda kwenye majani mabichi apunge upepo yamtoke. Hayakumtoka. Basi akarudi zake kushona viatu! Miaka 12 nzima hakuandika kitabu. Hapo mimi namvulia kofia, maana sisi tukiota ndoto moja tu, kufika saa nne asubuhi mtaa mzima unajua.

Mwaka 1612 ndo akashika kalamu, akaandika Aurora. Kilichokuwa kinamsumbua ni hiki: kama Mungu ni mwema, ubaya umetoka wapi? Jibu lake ni kwamba hakuna kitu kinachojulikana bila kinyume chake. Ndani kabisa kuna moto wa ghadhabu na kuna nuru ya upendo, na moto ule ule ukigeuka ndo unatoa nuru. Halafu anasema kujua habari za Kristo kichwani hakutoshi, lazima azaliwe ndani ya mtu mwenyewe.

Nakiri kurasa kibao sikuzielewa, jamaa anachanganya chumvi, salfa na zebaki mpaka unajiuliza hii ni Biblia au maabara. Lakini hapo kwenye moto alinipata. Mimi nina hasira za karibu, na siku zote nilikuwa naomba ziondolewe zote. Sasa hivi naomba zigeuke. Ni ombi tofauti kabisa, na sijui kanisani ningelieleza vipi.

Turudi kwa Böhme. Aurora hakuichapisha, ila marafiki waliinakili na nakala ikamfikia mchungaji mkuu wa Görlitz, Gregor Richter. Yule bwana alimshambulia mimbarini watu wote wakisikia. Mwaka 1613 baraza la mji likamweka ndani kwa muda mfupi, likachukua kitabu, likamwamuru asiandike tena. Akakubali. Mwaka huo huo aliuza kazi ya viatu akaingia kwenye biashara ya nyuzi.

Alitii kama miaka mitano hivi. Halafu marafiki wakamsukuma, na mwenyewe moyo ulikuwa unawaka, akaanza tena. Safari hii vitabu vilitoka mfululizo, usiku kwa mchana. Mwanzoni mwa 1624 marafiki wakachapisha kimoja, Njia ya kwenda kwa Kristo, na Richter akalipuka upya. Böhme akaondoka kwenda Dresden kwa muda.

Richter alifariki Agosti mwaka huo. Böhme akarudi nyumbani mgonjwa akamfuata Novemba 17, akiwa na miaka 49. Kabla ya kupewa chakula cha Bwana alihojiwa kwanza imani yake. Wachungaji hawakutaka kumzika kwa heshima mpaka baraza likaingilia kati, lile lile lililomkataza kuandika. Marafiki waliweka msalaba kaburini, watu wakauharibu.

Ila wadau, pale alipovunja ahadi yake kwa baraza ndo nimekwama mpaka leo. Nyie mngekuwa yeye mngenyamaza?