Mwezi Gisabo: Mfalme aliyeona ziwa likipanda na kushuka

Maji ya Ziwa Tanganyika yalipoingia katika nyumba za watu Rumonge mwaka 2021, kisha yakarudi mwaka 2024, wakazi wengi wa pwani ya Burundi walisema hawajawahi kuona jambo kama hilo. Wazee walikumbuka mafuriko ya 1964. Lakini ziwa hilo liliwahi kupanda zaidi ya hapo, na mtawala wa Burundi wakati huo alikuwa Mwami Mwezi Gisabo.

Mwezi Gisabo alitawala kuanzia takriban mwaka 1852 hadi 1908, zaidi ya miaka 50. Alikuwa mmoja wa wana wadogo wa Mwami Ntare Rugamba, mfalme aliyepanua mipaka ya Burundi kwa vita. Baba yake alipofariki, Gisabo alikuwa bado mtoto, na nchi ikashikwa kwa niaba yake na kaka yake mkubwa, Ndivyariye. Mtoto alipokua, kaka hakutaka kuachia madaraka. Ugomvi wao uliishia vitani, Ndivyariye akashindwa, lakini ukoo wake wa Batare ukabaki na nguvu kaskazini-mashariki na haukumsahau.

Jina Gisabo linatokana na kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa. Jina hilo lilifaa, kwa kuwa Burundi ya siku zake iliendeshwa kwa ng'ombe na mtama.

Kila mwaka, karibu na Desemba, taifa lilikusanyika kwa sherehe ya Umuganuro. Ngoma takatifu Karyenda ilitolewa, Mwami akaonja chakula cha mtama, na hapo ndipo msimu wa kupanda mtama ulipofunguliwa nchi nzima. Ilikuwa ibada, lakini pia ilikuwa kalenda ya kilimo.

Ng'ombe nao walitawanywa kwa desturi ya ubugabire. Mwenye mifugo alimkabidhi ng'ombe mtu mwingine, naye akamlipa kwa kazi, utii na sehemu ya ndama. Desturi hiyo ilikuwa na unyonge wake, maana iliwafunga wengi chini ya wakubwa. Hata hivyo ilifanya mali isilundikane mahali pamoja. Ukame ukipiga kilima kimoja, ng'ombe wa kilima kingine walibaki. Vivyo hivyo kwa chakula: nyanda za juu zilikuwa na mazao yake, miteremko ya Mumirwa yake, na bonde la Imbo, linalopakana na ziwa, lilikuwa na samaki na mawese.

Pwani, mkono wa Mwami ulikuwa mwepesi kuliko milimani. Rumonge ilikuwa chini ya wakubwa wa hapohapo, na wafanyabiashara kutoka Ujiji walipita kwa mitumbwi wakitafuta pembe na watumwa. Mwaka 1879 mapadri wa shirika la White Fathers walifungua kituo Rumonge, lakini Mei 1881 watatu kati ya Wazungu wa kituo hicho waliuawa katika mgogoro na wenyeji, na kituo kikafungwa.

Katika miaka hiyohiyo ziwa lilikuwa likibadilika. Mto Lukuga, mlango pekee wa kutokea maji upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na mafunjo, na maji yakapanda mwaka hadi mwaka. Yalifika kilele karibu na 1878. Kizuizi kilipovunjika, ziwa likashuka kwa takriban mita 10 katika muda usiofika miaka 20. Maana yake ni kwamba sehemu za chini za pwani, ambako leo kuna nyumba, hoteli na mialo ya samaki, zilikuwa ndani ya maji Gisabo akiwa mfalme. Hata maji ya 2024 yalibaki mita kadhaa chini ya alama ya 1878.

Adui mwingine alitoka ziwani. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alijaribu katika miaka ya 1880 kuivamia Burundi kutoka pwani. Majeshi ya Mwami yalimzuia, na milima haikutekwa.

Gisabo hakushindwa kwa pigo moja. Kilichomwangusha ni mapigo yaliyofuatana bila nafasi ya kupumua. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia na kuteketeza ng'ombe. Zikafuata ndui, nzige, funza wa miguuni na ukame. Mbuga na vichaka vilivyokosa mifugo vikaota upya, na mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ukaenea katika ukanda wa ziwa. Ubugabire ulikuwa kinga dhidi ya ukame wa kilima kimoja. Haukuwa kinga dhidi ya ugonjwa uliopiga vilima vyote kwa pamoja.

Katikati ya hayo Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897. Gisabo alikataa kuwatii. Kapteni von Beringe akaungana na wapinzani wawili wa Mwami, Kilima na Maconco, huyu wa mwisho akiwa mkwe wake mwenyewe. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, mfalme alilazimika kusalimu amri. Alitozwa faini ya ng'ombe 424 na kuwatambua waasi hao wawili kuwa watawala wanaojitegemea. Faini hiyo iliangukia nchi ambayo miaka kumi tu nyuma ilikuwa imezika ng'ombe wake.

Wakubwa wa von Beringe hawakuridhika na vita vile, naye akaondolewa. Aliyemfuata, von Grawert, aliona ni rahisi kutawala kupitia Mwami kuliko kumvunja. Maconco na Kilima wakaondolewa uwanjani, na Gisabo akarudishiwa heshima, ingawa sasa chini ya bendera ya wengine. Alifariki tarehe 21 Agosti 1908. Mwanawe kijana, Mutaga, akarithi kiti. Umuganuro wenyewe ulizimwa mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya utawala wa Wabelgiji.

Burundi ya leo ina zana ambazo Gisabo hakuwa nazo. Sheria ya maji ya 2012 inaweka ukanda wa mita 150 kutoka ufukweni mwa Tanganyika usiojengwa. Mkataba wa 2003 umeziunganisha Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia katika kulisimamia ziwa, na makao ya mamlaka yake yako Bujumbura. Mlango wa Lukuga uko Kongo, na maji yanayoingia Rumonge hayajui mpaka.

Mwami alijua kutawanya ng'ombe ili pigo moja lisimalize mali yote. Nyumba za Rumonge zilizosogea hadi ukingoni mwa maji zimefanya kinyume chake: zimeweka kila kitu mahali pamoja, juu ya ardhi ambayo ziwa liliiazima mara moja na linaweza kuidai tena.