Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyekataa kurudi nyumbani

Mitaa ya mashariki ya Nairobi tunayoijua leo, Pumwani, Majengo na Shauri Moyo, ina asili yake katika vijiji vya Waafrika vya miaka ya mwanzo ya ukoloni. Humo Kiswahili kilitamalaki, misikiti ikajengwa, na wanawake wengi walimiliki nyumba zao na kupangisha vyumba. Katika mji huo ndimo alimoishi Mary Muthoni Nyanjiru, mzaliwa wa Weithaga, Murang'a.

Mwaka 1921 kijana Harry Thuku aliunda chama cha East African Association. Alipinga kipande, kodi na mishahara duni. Alipinga pia wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya wazungu, na kwa hilo akina mama walimpenda mno.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Wafanyakazi wakagoma, na maelfu ya watu wakajaa nje ya kituo cha polisi karibu na hoteli ya Norfolk. Tarehe 16 wazee sita walikwenda kuonana na wakuu wa serikali. Waliporudi waliwataka watu watawanyike, na baadhi wakaanza kuondoka.

Hapo Muthoni akajitokeza. Aliinua gauni lake hadi mabegani, akawaambia wanaume walichukue walivae wao, wampe yeye suruali zao, kwa kuwa kiongozi wao yumo ndani nao wanaogopa. Kwa Wakikuyu kitendo hicho, guturamira ng'ania, ni tusi zito lisilo na mfano. Wanawake wakapiga vigelegele na umati ukasonga mbele kuelekea kwenye bunduki.

Polisi wakafyatua risasi. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi.

Thuku alipelekwa Kismayu bila kuhukumiwa, akakaa uhamishoni karibu miaka tisa. Leo barabara inayopita mbele ya Norfolk inaitwa kwa jina lake, na ni haki yake. Lakini siku ile wanaume walikuwa wameshageuza nyuso kurudi majumbani, na aliyewazuia ni mwanamke asiye na cheo wala ofisi. Watoto wetu wakifundishwa habari za Thuku, basi wafundishwe na za Muthoni.