John Akii-Bua: Askari polisi aliyeipa Uganda dhahabu yake ya kwanza

Tarehe 2 Septemba 1972, katika Uwanja wa Olimpiki wa Munich, askari polisi kutoka Uganda alijipanga katika njia ya kwanza kusubiri mlio wa bastola ya fainali ya mita 400 kuruka viunzi. Njia hiyo ya ndani kabisa haipendwi na wakimbiaji wa mchezo huo. Kona zake ni kali kuliko zote, na mtu mwenye hatua ndefu huona taabu kuzizunguka bila kupunguza kasi. Sekunde 47.82 baadaye, John Akii-Bua alikuwa bingwa wa Olimpiki na binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48.

Uganda haikuwa imewahi kupata dhahabu ya Olimpiki. Ingelazimika kusubiri miaka 40 kuipata nyingine.

Kutoka Abako hadi Kampala

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane na watoto 43, na kama watoto wengine wa huko, naye alichunga ng'ombe. Akiwa bado kijana alielekea Kampala na kujiunga na jeshi la polisi.

Katika kambi za polisi, ambako vijana wa makabila mbalimbali waliunganishwa na Kiswahili, michezo ilichukuliwa kwa uzito. Hapo alimkuta askari mwenzake, Jerom Ochana, aliyekuwa mruka viunzi mashuhuri barani Afrika. Mwaka 1968 aliwasili Mwingereza Malcolm Arnold kuwa kocha wa taifa wa riadha. Wakati huo Akii-Bua alikuwa akikimbia mita 110 kuruka viunzi. Arnold alimshawishi ahamie mita 400. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa nne na kuikosa medali.

Mazoezi ya kuumiza

Mbio hizi zina viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91.4, na kati ya kiunzi na kiunzi kuna mita 35. Mkimbiaji anapochoka, hatua zake hufupika. Idadi ya hatua ikibadilika, hujikuta anakifikia kiunzi kwa mguu asiouzoea. Wengi hupoteza mbio zao hapo. Akii-Bua alijizoeza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto.

Baada ya Edinburgh, yeye na Arnold waliamua kwamba mazoezi yawe magumu kuliko mbio zenyewe. Alivaa fulana iliyotiwa vyuma vya uzito wa zaidi ya kilo 10, akapanda nayo vilima na kukimbia nayo mita 1,500, huku njiani akiruka viunzi virefu vya mita 110, vyenye kimo cha sentimita 106.7. Alipoivua fulana hiyo na kurudi kwenye viunzi vya kawaida, mwili ulikuwa mwepesi na viunzi vikaonekana vifupi.

Huko Munich, David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi aliyeshikilia rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, alianza kwa kasi kubwa na kuongoza. Akii-Bua hakubabaika. Walipoingia mita 100 za mwisho, wenzake wakaanza kufifia, naye akampita Hemery na kuendelea mbele peke yake. Ralph Mann wa Marekani alipata fedha kwa sekunde 48.51, na Hemery shaba kwa 48.52. Mshindi hakusimama baada ya utepe. Aliendelea kuuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi vilivyokuwepo na visivyokuwepo.

Furaha hiyo haikudumu. Siku tatu baadaye, wanariadha na makocha wa Israel walivamiwa katika kijiji cha Olimpiki, na 11 kati yao wakauawa.

Shujaa chini ya utawala wa Amin

Nyumbani, Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka mwezi Januari 1971, na mwezi mmoja kabla ya fainali ya Munich alitangaza kuwafukuza Waasia nchini. Alimpokea bingwa kwa shangwe, akampandisha cheo na kumpa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, wa kabila moja na Milton Obote aliyepinduliwa, na watu wa kabila hilo walikuwa wakiuawa. Sifa ya medali ilimkinga, lakini haikumwondolea hofu.

Mwaka 1973 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Mwaka 1976 angekwenda Montreal kulitetea taji lake, lakini Uganda iliungana na nchi nyingine za Afrika kuususia mkutano huo, kwa kuwa New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Edwin Moses wa Marekani alitwaa dhahabu na kuivunja rekodi ya Akii-Bua. Mbio ambazo dunia ilizisubiri kati ya wawili hao huko Montreal hazikufanyika.

Amin alipoanguka mwaka 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya pamoja na familia yake, akaishi katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani Magharibi na kumpa kazi. Mwaka 1980 alikimbia tena kwa jina la Uganda mjini Moscow, akaishia nusu fainali.

Mwaka 1983 alirejea nyumbani, akaendelea na kazi ya polisi na kuwafundisha vijana riadha. Alifariki mjini Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, mke wake akiwa amemtangulia, na kuacha watoto 11.

Hakuishi kumwona Stephen Kiprotich akishinda mbio za marathoni mjini London mwaka 2012, wala Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai wakishinda dhahabu mjini Tokyo mwaka 2021. Wote watatu walifuata njia aliyoifungua yeye.