Butiama: Nyumbani kwa Mwalimu, kumbukumbu ya sifa na makovu

Na Mwandishi Wetu, Endulen

MSAFIRI atokaye Endulen, wilayani Ngorongoro, kwenda Butiama mkoani Mara huvuka nyika za Serengeti kabla ya kufika Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Hapo ndipo lilipo kaburi lake. Jirani yapo makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka aliofariki dunia, yanayohifadhi picha, vifaa vyake na zawadi alizopewa akiwa kiongozi.

Mwalimu alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, akaendelea Tabora na Makerere, kisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952.

Julai 7, 1954 aliongoza kuundwa kwa TANU. Mwaka uliofuata alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, akauacha mshahara wa Pugu. Uhuru ulipopatikana Desemba 9, 1961, alikuwa Waziri Mkuu, lakini baada ya wiki sita alijiuzulu ili akaimarishe chama. Desemba 1962 alikuwa Rais, wadhifa alioushika hadi alipong'atuka kwa hiari mwaka 1985 na kurejea kijijini kwake kulima. Wakati huo, viongozi wa Afrika walioondoka Ikulu kwa hiari walikuwa wa kuhesabika.

Hata hivyo, sifa hizo hazifuti makovu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha mamilioni ya wananchi, wengine kwa nguvu.

Endulen nayo ina kumbukumbu zake. Mwaka 1974, chini ya serikali yake, wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiishi ndani ya kreta ya Ngorongoro waliondolewa. Mwaka 1975 sheria ikapiga marufuku kilimo katika eneo lote la hifadhi, Endulen ikiwemo. Familia zilizokuwa zikijazia maziwa kwa mahindi ya shambani zikabaki kutegemea nafaka ya kununua, hadi marufuku hiyo ilipolegezwa mwaka 1992.

Mwalimu alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Jeshi lilikuwa limemjengea nyumba mpya kijijini hapo, lakini hakujaliwa kuishi humo muda mrefu.

Kijana anayekwenda kujifunza uongozi Mwitongo anapaswa kuyajua yote mawili: kiongozi aliyeachia madaraka bila kushurutishwa, na wananchi waliobeba gharama ya maamuzi yake.