HOKUSAI, MZEE WA WIMBI KUBWA

Leo nataka niwasimulie maisha ya mchoraji wa Japani aitwaye Katsushika Hokusai. Nilimjua kupitia kalenda kuukuu iliyotundikwa kwa kinyozi. Ilikuwa na picha ya wimbi kubwa, nikaikodolea macho hadi zamu yangu ikanipita.

Hokusai alizaliwa mwaka wa 1760 mjini Edo, ambao siku hizi ni Tokyo. Akiwa kijana alijifunza kuchonga mbao za kupigia chapa picha, kisha akaingia kwa fundi kusomea uchoraji. Maishani alitumia majina zaidi ya 30!

Uzeeni mambo yalimwendea mrama. Aliugua kiharusi, mkewe akafariki mwaka wa 1828, na mjukuu wake akamletea madeni ya kamari. Wengine tungekaa tukalia tu. Yeye alishika brashi. Akiwa na miaka kama 70 hivi, alianza kuchora picha nyingi za mlima Fuji, na lile wimbi ni mojawapo.

Ukiitazama picha hiyo, huoni mtu akilia. Wapiga makasia wa mashua tatu wameinama, nyuso zao ni ndogo mno. Lakini wimbi limeinuka, povu lake kama makucha. Nao mlima Fuji, mrefu kuliko yote Japani, unaonekana kadogo kule nyuma, umetulia tuli. Bahari ndiyo inayotia hofu, mlima ndio unaofundisha subira. Hivyo Hokusai alisimulia shida za watu bila kuchora hata chozi moja.

Mwaka wa 1839 moto uliteketeza nyumba yake na michoro mingi. Kwani alikata tamaa? Wapi! Aliendelea pamoja na bintiye Oi, mchoraji pia, hadi alipofariki mwaka wa 1849. Alitumaini kwamba akifika miaka 110, kila nukta yake ingekuwa hai.

Mimi nilikuwa nimeacha kuchora, maana niliambiwa ati picha hazinunui unga. Jioni ile nilichora mwembe wa nyanya, ulioangushwa na upepo mwaka aliotuaga dunia. Sikuchora mtu yeyote, ni mti tu na kigoda chake kando. Mama aliitazama kimya, kisha akaibandika ukutani.

Wenzangu, wahenga hawakukosea: mvumilivu hula mbivu. Msitupe kalamu zenu.