Mtakatifu Yohane Bosco: Padri Aliyeongeza Lira 20 kwa Ajili ya Uwanja



Tarehe 31 Januari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye wengi tunamwita Don Bosco. Hiyo "Don" si jina lake la ubatizo, ni namna Waitalia wanavyomwita padri. Tumeshamsikia kama mwanzilishi wa Wasalesiani na rafiki wa vijana. Leo naomba tumtazame upande ambao mara nyingi tunaupita haraka: Don Bosco msimamizi wa uwanja. Yaani mtu aliyehangaika kutafuta eneo, akalilipia kodi, akapanga ratiba, akaweka kanuni za michezo na kuchagua wasimamizi. Kwake kazi hiyo haikuwa nyongeza ya upadri wake. Ilikuwa mlango wa kuingilia.

Mtoto wa sarakasi

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Francesco, alifariki Yohane akiwa hajatimiza miaka 2. Mama Margherita, mkulima asiyejua kusoma, akabaki na watoto na shamba dogo katika kipindi cha njaa kali.

Akiwa na miaka kama 9 aliota ndoto ambayo hakuisahau hadi kufa. Aliona kundi la watoto uwanjani, wengine wakicheza, wengine wakitukana. Akawarukia kwa ngumi awanyamazishe. Ndipo akatokea Bwana mmoja mwenye uso unaong'aa, akamwelekeza kwamba hao hatawapata kwa kipigo bali kwa upole na mapendo. Angalieni mahali ndoto ilipotokea: si kanisani, ni uwanjani.

Kuanzia hapo akaanza kujifunza. Wanasarakasi walipokuja kwenye magulio, Yohane alisimama karibu akawatazama mikono na miguu, kisha akarudi nyumbani kufanya mazoezi. Jumapili alifunga kamba kati ya miti miwili akatembea juu yake, akafanya na mazingaombwe madogo madogo. Lakini kiingilio kilikuwepo: kwanza Rozari, halafu kusikiliza mahubiri ya padri aliyoyakariri asubuhi. Asiyetaka kusali hakuona sarakasi. Watu wazima nao walibaki!

Aliposoma Chieri, mwaka 1832 alianzisha na wenzake Chama cha Furaha. Masharti yalikuwa machache: kutimiza wajibu wa masomo na wa dini, kuepa lolote lisilomfaa Mkristo, na kutafuta vitabu na michezo ya kuwachangamsha wenzao. Wakati huo mwanasarakasi mmoja alikuwa akiwavuta vijana kwa maonyesho yake Jumapili, saa za ibada. Yohane akamkabili kwa mashindano ya mbio, kuruka mtaro, kuchezesha fimbo mkononi na kupanda mti. Akamshinda yote, na dau lilikuwa limefika lira 240. Jamaa alipobaki hana kitu, vijana wakamrudishia hela yake kwa sharti awalipie chakula cha mchana. Wakala pamoja, wakaagana kwa amani. Mimi hapo ndipo ninapomwona mtakatifu: anashinda, lakini hamwachi aliyeshindwa akiwa amedhalilika.

Uwanja unatafutwa

Alipewa daraja la upadri tarehe 5 Juni 1841 mjini Torino. Mlezi wake, Padri Giuseppe Cafasso, alimpeleka kutembelea magereza. Don Bosco akaumia kuona vijana wadogo, wenye afya na akili, wakifungwa, wakitoka, kisha wakirudi tena. Aligundua kwamba wengi walirudi kwa sababu huko nje hawakuwa na mtu wa kuwajali. Torino ilikuwa ikikua, na vijana walitoka vijijini kuja kubeba matofali na kufagia dohani. Jumapili hawakuwa na kazi wala jamaa, na kanisani hawakuzoeleka.

Tarehe 8 Desemba 1841 kijana mmoja fundi mwashi, Bartolomeo Garelli, aliingia sakristia. Mtunza sakristia akampiga kwa sababu hakujua kutumikia Misa. Don Bosco akaagiza aitwe, akisema huyo ni rafiki yake. Akamuuliza kama anajua kusoma, kuandika, kuimba. Hapana, hapana, hapana. Mwishowe akamuuliza kama anajua kupiga mluzi, na kijana akatabasamu. Katekisimu ikaanzia hapo. Jumapili iliyofuata Garelli alikuja na wenzake.

Kundi lilipokua likaitwa oratorio, yaani mahali pa kusali, kujifunza na kucheza pamoja siku za Jumapili na sikukuu. Tabu sasa ikawa: wakae wapi? Mamia ya vijana wanaokimbia ni kelele, vumbi na vioo kuvunjika. Mwaka 1845 walikwenda eneo la makaburi ya San Pietro in Vincoli, wakadumu Jumapili moja tu. Wakahamia kwenye vinu vya kusagia nafaka, majirani wakalalamika. Wakapanga vyumba kwenye nyumba ya Padri Moretta, wapangaji wengine wakachoka nao. Mwishowe wakakodi konde la ndugu wawili wa ukoo wa Filippi, wakawa wanaungama na kucheza kwenye majani. Wenye konde nao wakawaambia waondoke, maana majani yalikanyagwa hadi mizizi. Juu ya hayo, mkuu wa usalama wa mji aliona mikusanyiko hiyo ni hatari, na mapadri wenzake wengine wakadhani amerukwa na akili.

Jioni moja ya mwaka 1846, vijana wakicheza mara ya mwisho kwenye konde lile, Don Bosco alijitenga kando akalia. Ndipo akaja mtu mmoja mwenye kigugumizi kumwambia kwamba bwana Pinardi, pale Valdocco, ana banda la kupangisha. Lilikuwa banda la chini mno, ikabidi sakafu ichimbwe ili watu waweze kusimama. Katika kumbukumbu zake mwenyewe anaeleza kwamba mwenye banda alitaka lira 300 kwa mwaka. Yeye akampa 320, kwa masharti mawili: apewe na kipande cha ardhi kinacholizunguka banda ili vijana wapate pa kuchezea, na aweze kuwaleta Jumapili inayofuata. Tarehe 12 Aprili 1846, siku ya Pasaka, wakaingia.

Padri maskini, asiye na fedha, anaongeza bei mwenyewe! Kwa nini? Kwa sababu alijua kikanisa bila uwanja hakitawavuta wale anaowatafuta. Nilipokuwa nasoma falsafa nilikutana na fundisho la Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na pumziko lake ni mchezo wenye kiasi. Don Bosco alilipia fundisho hilo kwa lira 20.

Jumapili ya Valdocco

Siku ilianza mapema kwa maungamo na Misa. Halafu mafundisho na michezo. Mchana michezo tena, kisha katekisimu, sala za jioni, mahubiri mafupi, na michezo hadi giza linapoingia. Sala na mchezo vilipokezana kutwa nzima.

Kanuni za oratorio alizoziandika zina sehemu nzima juu ya wasimamizi wa mapumziko. Lengo la kwanza ni kila kijana apate mchezo wa kushiriki. Ndiyo maana orodha ni ndefu: matufe ya kurusha, bembea, miti ya kutembelea kama wacheza ngongoti, kamba, mazoezi ya viungo, na kwa wasiopenda kukimbia kuna drafti na sataranji. Karata zilikatazwa, pamoja na mchezo wowote wenye hatari ya kumkosea Mungu, kumdhuru mwenzako au kujiumiza. Vifaa viliwekewa namba na vilikuwa na mtunzaji wake. Kulikuwa hata na wapatanishi, kazi yao kuzima ugomvi kabla haujawaka. Na waliobeba majukumu hayo, wengi walikuwa vijana wenyewe.

Msidhani kila kitu kilikwenda vizuri. Giuseppe Brosio, aliyewahi kuwa askari, aliwafundisha vijana gwaride na vita vya kuigiza kwa bunduki za mbao. Siku moja "jeshi" likasonga mbele mpaka ndani ya bustani ya mboga ya Mama Margherita, likaikanyaga yote. Mama huyo, aliyeacha kijiji chake tangu Novemba 1846 ili kuwapikia na kuwashonea watoto wa watu, alichoka akataka kurudi Becchi. Don Bosco hakubishana naye. Alimwonyesha tu msalaba ukutani. Mama akaelewa, akabaki hadi kifo chake mwaka 1856. Jamani, nyuma ya kila uwanja wenye furaha kuna mtu ambaye mboga zake zimekanyagwa.

Mwaka 1854 alifika Valdocco kijana Domenico Savio. Alitamani utakatifu akaanza kutafuta mateso makali ya mwili. Don Bosco akamkataza, akamwelekeza kwenye furaha, sala, masomo, na kushiriki michezo na wenzake kwa ajili ya kuwasaidia. Domenico alifariki mwaka 1857, akiwa na miaka 14. Leo ni mtakatifu.

Viwanja viwili

Kazi ikakua: shule, karakana, Shirika la Wasalesiani mwaka 1859, Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristo mwaka 1872, wamisionari kwenda Argentina mwaka 1875. Lakini Mei 1884, akiwa Roma, mzee na mgonjwa, aliwaandikia watu wa Valdocco barua yenye uchungu. Alieleza ndoto ya viwanja viwili. Cha kwanza kilikuwa cha zamani: vijana wanaruka, wanacheka, na mapadri wamo katikati yao. Cha pili kilikuwa cha siku zile: wengine wanacheza bila hamu, wengine wameegemea nguzo wamenuna, na walezi wanatembea kando wakiongea wao kwa wao. Na maungamo nayo yalikuwa yamepoa. Majengo yalikuwa bora kuliko banda la Pinardi, vifaa vingi zaidi. Kilichopungua ni mlezi kuwa katikati. Vijana walipendwa, lakini hawakuona kwamba wanapendwa.

Barua hii hunigusa sana. Katika utume wa likizo kwenye parokia moja nilihesabu vijana 22 uwanjani na zaidi ya 30 ukutani. Kila Jumamosi 22 ni walewale, na wa ukutani ni walewale. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewaita pia.

Don Bosco alifariki tarehe 31 Januari 1888 na akatangazwa mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Mwaka 1980 Wasalesiani wake walifika Tanzania, na wapenzi wa kikapu wa Dar es Salaam wanavijua viwanja vya Don Bosco.

Kwa hiyo wewe kiongozi wa VIWAWA au TYCS, kabla ya kuomba jezi mpya, fanya mambo matatu. Panga mchezo hata kwa asiyejua mpira. Chagua mpatanishi na mtunza vifaa, uwaamini. Kisha nenda ukutani, umuulize jina yule anayekaa peke yake kila wiki. Huenda ni Garelli wako.

Tusali: Ee Mtakatifu Yohane Bosco, utufundishe kucheza bila dhambi, kushinda bila dharau, na kumwona yule ambaye hakuna aliyemwita. Utuombee. Amina.