Edenshaw: Fundi wa jiwe jeusi aliyehifadhi kumbukumbu za Wahaida

Anapotajwa mchongaji stadi kuliko wote katika kabila la Wahaida, jina la Charles Edenshaw ndilo hutangulia. Alizaliwa karibu mwaka wa 1839 huko Skidegate, katika visiwa vya Haida Gwaii, pwani ya magharibi ya Kanada. Jina lake la asili lilikuwa Da.a xiigang, naye alikuwa wa upande wa Tai, kwani Wahaida hugawanyika pande mbili, Tai na Kunguru, na mtoto hufuata ukoo wa mamaye. Kwa desturi hiyo hiyo, mrithi wa cheo huwa mpwa wala si mwana. Ndiyo maana kijana huyo alikwenda kuishi na mjombake, Chifu Albert Edward Edenshaw, kaskazini mwa visiwa.

Inasimuliwa kwamba alianza kuchonga angali mvulana, alipokuwa amelazwa na maradhi. Kitu alichoshika mkononi kilikuwa ajilaiti, jiwe jeusi ambalo Wahaida hulichimba katika mlima mmoja karibu na Skidegate. Ni jiwe laini, hukatwa kwa kisu na patasi, kisha likasuguliwa hadi linang'aa. Tangu miaka ya 1820 hivi, wachongaji walikuwa wakiwauzia mabaharia viko vya jiwe hilo. Vingi vilikuwa vya kupendeza macho tu, visivyofaa kuvutia tumbaku.

Lakini enzi ya Edenshaw ilikuwa ya msiba. Mwaka wa 1862, ndui ilizuka mjini Victoria na kuenea pwani nzima. Vijiji vilibaki mahame, na kufikia mwaka wa 1900 Wahaida waliosalia hawakufika 1,000, ilhali awali walihesabiwa kwa maelfu. Juu ya hayo, serikali ya Kanada ilipitisha sheria mwaka wa 1884 kuharamisha potlachi, yaani karamu kuu ya kutawazana, kuombolezana na kugawiana mali. Marufuku hayo yalidumu hadi 1951. Nguzo za ukoo zilizosimamishwa katika karamu hizo zikakosa wa kuzisimamisha.

Hapo ndipo kazi ya Edenshaw ilipopata uzito ambao huenda wanunuzi wake hawakuutambua. Mgeni alidhani ananunua pambo la mezani, kumbe alikuwa akibeba hekaya nzima: Kunguru mjanja aliyewakuta wanadamu wa kwanza ndani ya kombe la baharini, dubu, nyangumi na ndege wa radi. Alichonga sahani, masanduku na nguzo ndogo za ajilaiti. Akafua bangili za fedha na dhahabu. Akachonga mbao pia. Mkewe Isabella, aliyekuwa hodari wa kusuka, alitengeneza vikapu na kofia za mizizi, naye mumewe akazipaka rangi. Wawili hao walibatizwa katika miaka ya 1880 na kupewa majina hayo ya Kiingereza.

Wasomi nao walimjia. Franz Boas alikutana naye mwaka wa 1897 ili amfafanulie maana ya michoro ya kabila lake, na muda mfupi baadaye John Swanton akamwagiza vielelezo vya nyumba na nguzo kwa ajili ya makumbusho ya New York. Alipoaga dunia huko Masset mwaka wa 1920, kazi zake zilikuwa zimetawanyika Marekani na Ulaya. Hakuwa na mazoea ya kutia sahihi, hivyo wataalamu hulazimika kuutambua mkono wake kwa mkato wa kisu na mpinda wa mistari, na wakati mwingine hutofautiana.

Cheo cha Edenshaw kilirithiwa mwaka wa 1999 na mchongaji mwingine, Jim Hart. Robert Davidson naye, ambaye nyanyake Florence alikuwa bintiye Edenshaw, alichonga nguzo iliyosimamishwa Masset mwaka wa 1969, ya kwanza kijijini humo baada ya takriban miaka 90. Alikuwa na umri wa miaka 22.